Mchunga wa Wadi Al Khoudh

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Wanaonijua watasema ndo kashaanza kujisifu, na waseme, kwani uongo uko wapi? Nilishuka bandari ya Matrah, Omani, mwaka wa sitini na nne na sanduku moja la bati ambalo hata kufuli lake lilikuwa halishiki. Nimebeba magunia ya tende kwa mgongo huu huu, nimelala juu ya magunia hayo hayo, na leo nna maduka matatu ya vifaa vya ujenzi. Huko Mabela, ambako kila ukipita unakuta nyumba mpya, muulize fundi yeyote nondo zake kanunua kwa nani. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilifika juzuu ya tatu nikatoka. Skuli niliipita kwa nje. Kila nnachokijua nimekijua kwa macho na mikono, na mtu aliyeondoka Unguja mwaka ule, kwa namna tulivyoondoka sisi, keshaona mengi. Wapi tena pa kumshangaza?

Lakini khofu ni kitu kingine. Khofu nimeionja sawasawa mara moja tu, siku moja kutwa, tokea saa tatu za asubuhi mpaka baada ya isha, na haikuwa khofu ya bunduki wala ya mtu. Niliogopeshwa na majani. Majani ya mwituni yenye maua madogo ya manjano.

Ilikuwa vuli ya mwaka wa sitini na sita. Nasema vuli kwa mazoea, maana Omani hakuna vuli kama yetu. Kule joto huvunjika tu, asubuhi moja mtu anaamka anakuta shati lake kavu, basi ndo msimu umegeuka. Tulikuwa na chumba kimoja Matrah, mie na mke wangu, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, mwezi huo huo wa tano, katika chumba hicho hicho. Hilo hatukuwa tukilisema. Lakini alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa mpaka ukingoni, na mie nilikuwa nikimtazama tumbo kuliko uso.

Alikuwa hali chakula. Wali ukimnukia anatapika, samaki vile vile, tende ndo usiseme. Akitamani kitu kimoja, mchunga. Asiyeujua mchunga nimwambie: ni mboga ya mwituni, inaota yenyewe makondeni kwetu mvua za vuli zikishanyesha, majani yake yana meno meno, ua lake la manjano, na ni chungu kiasi cha kumliza mtoto. Watu wa kwetu wanaupika kwa tui la nazi, na wajawazito wanaupenda kwa ule ule uchungu wake. Mie siupendi na sijapata kuupenda. Lakini yeye alikuwa akiuota usingizini. Asubuhi ananambia, "Bwana, leo nimeuota tena. Umechanua nyuma ya nyumba ya mama." Kisha anageukia ukutani.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kuni. Nilikuwa nikipanda lori la Mbaluchi mmoja, lori kuukuu ambalo mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa kamba, tunakwenda kwenye mawadi, ile mito mikavu ambayo hupata maji mvua zikinyesha milimani. Nakata kuni, naziuzia tanuri za mikate Matrah. Wiki moja tukaenda Wadi Al Khoudh. Siku hizi ukisema Al Khoudh watu wanafikiria chuo kikuu na mabasi ya wanafunzi. Siku zile ilikuwa mitende, vijumba vya udongo na mbuzi. Maji ya mafuriko yalikuwa yamepita siku kama ishirini nyuma, na changarawe yote ya wadi, ambayo mwezi uliopita ilikuwa kavu kama kiganja, ilikuwa manjano. Maua matupu, asubuhi, jua limeyapiga. Nikashuka. Nikaangalia jani: meno meno. Nikaangalia ua: manjano. Nikasema huu mchunga, na aliyesema hauoti Arabuni haijui nchi.

Kuchuma mchunga kwetu ni kazi ya wanawake. Mie nilikuwa nikiuona nikipita kondeni na nikiuona sahanini, basi. Lakini siku ile sikujiuliza hata mara moja. Nilitoa mundu wangu wa kukatia vijiti nikafyeka kama mtu anayefyeka majani ya ng'ombe, gunia zima, nikalishindilia kwa mguu. Yule Mbaluchi, dereva wetu, alikuwa amekaa juu ya boneti anavuta sigireti, akaniuliza nimenunua mbuzi lini. Nikamwambia hii ni mboga ya watu wenye akili. Akacheka mpaka akakohoa.

Jioni nikampa mke wangu gunia, nikatoka. Sikukaa kuangalia anafanya nini nalo, nilikuwa na haraka ya kwenda kusema. Kwa muuza kahawa walikuwa wamekaa watu wa kwetu, wa Unguja na wa Pemba, na mimi nikawatangazia kwamba mchunga upo Omani, mmekaa miaka miwili mnalia hamna macho, mimi nimeuona kwa siku moja. Nyumba sita zikaniagiza mafungu ya safari yangu ijayo. Nikapanga na bei.

Mke wangu akaupika siku tatu mfululizo. Mie nilitia tonge moja mdomoni nikalitoa. Yeye alikula mpaka akafuta sufuria kwa kidole, na kwa mara ya kwanza tokea mimba ile niliona shavu lake likipata rangi. Nilijiona mfalme.

Siku ya tano akashikwa na baridi, jua la saa nane. Akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Kisha moto, kisha matapishi. Tukasema homa, Matrah nani hana homa. Lakini siku ya saba asubuhi nilimfunua kope kumwangalia, na weupe wa macho yake haukuwa mweupe. Ulikuwa manjano. Manjano ile ile.

Sijui nilimbebaje. Nakumbuka tu jirani yetu, mama wa Kiomani aliyekuwa akimpenda sana mke wangu, kasimama mlangoni mwake, na kila mtu wa uchochoro ule anasikia, ananambia, "Umemlisha malisho. Nyinyi watu wa Zinjibar nyama ipo na samaki wapo, mnakwenda kula chakula cha mbuzi. Umemlisha kwa mkono wako." Mtu mwingine angenambia hivyo ningemjibu. Nilipita na mzigo wangu mikononi, na moyo wangu ukawa unalirudia lile neno kila hatua. Kwa mkono wako. Kwa mkono wako.

Hospitalini daktari alikuwa mgeni, mtu mrefu aliyesema Kiarabu polepole kama anakisoma ukutani. Akamtoa damu kidoleni, akaenda kuitazama, akarudi. Akanambia homa imo ndani ya damu, ameiona, na dawa yake anayo. Nikamshukuru Mungu. Akanyanyua mkono kunizuia, akauliza amekula nini. Nikamweleza. Uso wake ukabadilika. Akanieleza, na mie nikimkazia macho mdomo nisikose neno, kwamba kuna majani ya wadi ambayo huharibu ini, na ini likiharibika macho huwa manjano; na homa nayo hufanya macho manjano. Ikiwa ni homa peke yake, dawa anaanza leo, tena dawa kali, mtoto asije akatoka. Ikiwa na sumu imo, dawa ile ile juu ya ini lililoumia itammaliza mama. Na asipompa kitu chochote, homa itamtoa mtoto, pengine na mama.

Nikamuuliza anataka nini.

"Niletee mti wenyewe," akasema, "na mzizi wake na ua lake. Ule uliokata wewe. Sitaki unaofanana nao. Uje leo, kesho nitakuwa nimechelewa."

Kumuuliza mke wangu ilikuwa haiwezekani. Alikuwa akisema na mama yake, aliyeko Unguja. Nilikimbia nyumbani kwanza nikapekua: gunia tupu limekung'utwa, sufuria limeoshwa, taka zimeshazolewa. Hakuna hata jani moja. Nilisimama katikati ya chumba kile na gunia mkononi, nikalinusa kama mbwa.

Dereva nilimkuta sokoni anapakia sukari ya tajiri mmoja wa Barka, magunia kumi na mawili. Nikamwambia nataka Al Khoudh, kwenda na kurudi, tena tuwe tumeingia kabla lango halijafungwa, maana siku zile mji ulikuwa na lango na lango lilikuwa na saa yake, ukichelewa gari lako linalala nje mpaka asubuhi. Akanambia ana mzigo wa watu, ningoje kesho kutwa. Nikamwambia mke wangu anakufa. Akaniangalia. Hakuniuliza anakufa na nini. Alitupa sigireti akapanda, na sukari ya Barka tukaenda nayo hivyo hivyo, kwa sababu kuishusha ni muda.

Njia ile ya mchanga nimeipita mara mia, na siku ile sikuijua. Nilikuwa nimefumba macho nalitafuta lile ua kichwani. Lilikuwa na majani mangapi? Katikati yake palikuwa na nini? Mti wake una miba au hauna? Mimi, niliyekuwa nikijua kila lori la Matrah kwa sauti yake, na kila gunia la tende kwa uzito wake bila ya mizani, nilikuwa sijui. Nilijua manjano tu. Kila nikilivuta lile ua lije karibu linayeyuka, linabaki jicho la mke wangu.

Tulifika adhuhuri imeshapita. Nilitegemea kuliona lile zulia la maua ya manjano. Nilishuka nikasimama, na zulia halikuwepo. Wadi ilikuwa kijani na kijivu. Hapa na pale, machache, yalikuwako maua ya manjano yaliyofunguka, na nilipopiga magoti kwenye la kwanza nikaona lina kifungo katikati, kama kifungo cha koti, na vijani vifupi vya ua vimezunguka. Nikalinusa. Lilikuwa na harufu kali ya kukwaruza pua. Nikaenda la pili, kifungo. La tatu, kifungo. Mchunga wa kwetu hauna kifungo. Hilo nililikumbuka sasa, wiki nzima nimechelewa, nililikumbuka wazi kama nimeushika.

Nilikaa chini kwenye changarawe. Nilijua nimeua watu wawili.

"Zinjibari, umepoteza nini?"

Alikuwa mwanamke wa mbuzi, uso ndani ya barakoa, kamba begani, mbuzi wake kumi na tano au ishirini wametapakaa nyuma yake. Nadhani alikuwa ameniangalia muda mrefu nikitambaa. Nilimwita khala, yaani mama mdogo, kwa heshima, nikamwambia nilikata majani hapa siku saba nyuma, yenye maua ya manjano, yalikuwa mengi, sasa yako wapi?

"Yapo. Yamelala."

Akainama, na pale pale nilipokuwa nimekaa, karibu na goti langu, akachuma kitu nilichodhani ni tumba bado halijafunguka. Akanambia haya asubuhi yako macho, jua likipanda yanalala, kila siku. Akalipasua lile tumba kwa ukucha. Ndani yake palikuwa manjano tupu, ndimi ndimi, hakuna kifungo. Akavunja kijiti chake. Maziwa meupe yakatoka, mazito, yakamshuka kidoleni. "Hili mbuzi wanagombania," akasema. Kisha akachuma lile la kifungo, akalivunja, likatoa maji maji kama machozi, hakuna maziwa. "Na hili wanalizunguka. Mwaka wa ukame mmoja akalila kwa njaa, tumbo lake linajaa maji. Hafi siku ile. Anakufa wewe ushasahau kala nini."

Kisha akauliza nani kala. Nikamwambia. Akauliza kama ana mimba, sijui alijuaje, pengine kwa uso wangu. Nikamwambia miezi mitano. Akawapigia mbuzi ulimi warudi.

"Wewe ulikata lipi?"

Katika maisha yangu neno hili nimelisema mara chache sana, na watoto wangu hawajapata kunisikia nalo. Nikamwambia, "Sijui."

Hakunicheka. Aliuliza kama nilichuma kwa mkono au nilikata kwa chuma. Nikamwambia kwa mundu. Akasema basi tafuta alama ya chuma, kwa sababu mbuzi hung'oa na hutafuna, na shina lililotafunwa lina nyuzi nyuzi, lakini chuma hukata mshazari na hubaki laini. Watu wa hapa hawakati haya, akasema. Utakachokikuta kimekatwa ni chako.

Nikaanza. Nilitambaa kwa mikono na magoti kutoka penye alama za matairi yetu ya wiki iliyopita, nikifunua kila kichaka. Shina la kwanza nililiona upesi, mshazari, safi, mkono wangu mwenyewe, na juu yake palikuwa na tone lililoganda, rangi ya gundi kuukuu. Maziwa yake. Nikalibusu, naapa. La pili, gundi. La tatu, la nne, gundi. Nikawa nacheka peke yangu na machozi yananitoka, na yule mama kasimama na mbuzi wake. La tano, la sita. La saba lilikuwa limekatwa mshazari, laini, na juu yake pakavu. Hapana gundi. Nikalivunja chini yake kidogo. Maji.

Nilisema pengine ni moja. Nikaendelea. La tisa, maji. La kumi na la kumi na moja, maji. Vilikuwa vimeota pamoja, majani kwa majani, na mimi nilipita juu yake na mundu kama kinyozi. Kwa kila matatu niliyofyeka, moja lilikuwa la kifungo. Kwa kila matonge matatu, moja. Siku tatu. Na sufuria kafuta kwa kidole.

Niling'oa ya namna zote mbili na mizizi yake na vile visiki, pamoja na mengine mazima yenye maua, nikavua kilemba changu nikayafunga mafurushi mawili mbali mbali. Nilitaka kumpa yule mama kitu, nikapapasa mfukoni. Akanambia niondoke, jua halinisubiri.

Halikunisubiri kweli. Kwenye kivuko cha maji, ambacho wakati wa kwenda tulikipita bila kukiona, tairi za nyuma zikazama. Dereva akakanyaga, zikazidi kuzama. Akarudi nyuma, zikakaa. Tukatia mawe, tukatia matawi, tukasukuma, na kivuli cha mlima kikawa kinakuja juu yetu waziwazi, unakiona kinavyotembea. Nikaangalia juu ya lori.

"Sukari," nikasema.

"Sukari ya watu."

"Tupa."

"Zinjibari, utailipa wewe?"

Nilikuwa nimeshapanda. Mimi ni mfanyabiashara. Mzigo wa mtu kwangu ni amana, na mpaka leo gunia likipasuka dukani naokota kwa mkono. Siku ile nililisukuma la kwanza kwa mguu likaanguka ndani ya maji, kisha la pili. Dereva alinitazama kama anamtazama kichaa, kisha akapanda akashika upande wa pili. Tulitupa matano. Nilikuwa nikiyaona yanavyokunywa maji na kubonyea, na sikuhisi chochote. Kwa la tano lori likajinyanyua, likatoka.

Langoni mlinzi alikuwa ameshasukuma ubao mmoja. Dereva alipiga honi tokea mbali na hakuacha mpaka tukapita.

Hospitalini mke wangu alikuwa ametulia, na kutulia kule kuliniogopesha kuliko kutetemeka. Daktari akaweka taa karibu, akayalaza mafurushi yangu juu ya sinia nyeupe ya dawa. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikata haya na haya, na kwamba haya yenye maji ndo mabaya, na theluthi ya gunia ilikuwa ndo hiyo. Akaligeuza lile la kifungo kwa koleo dogo, akavuta pumzi. Nikajua alijualo.

Sijui kama ni taa au ni ile harufu. Mke wangu alifumbua macho. Aliyatazama majani yale, kisha akanitazama mimi kichwa wazi, nimejaa tope mpaka kifuani. Akanyoosha mkono. Nikamkaribishia sinia. Akashika kijiti kimoja akakivunja kwa vidole vilivyokuwa havina nguvu, kikatoa maziwa kidogo, bado kulikuwa na maziwa. Akakiweka upande. Akashika kingine, akakivunja, akakisukuma.

"Hili nilipika," akasema. "Haya mengine nilitupa."

Nikamuuliza yote? Akasema yote, alichambua jani moja moja juu ya ungo mpaka mgongo ukamuuma, lisilotoka maziwa akalitupa. Si mchunga wa kwetu, akasema, lakini lenye maziwa ni ndugu yake, ulimi umelikubali. Daktari hakuridhika. Aliyachanganya yote juu ya sinia, akazungusha, akamrudishia, akanambia nimwambie ayatenge tena. Na yeye, macho nusu yamefumba, akayatenga moja moja, vunja, weka, vunja, sukuma, na hakukosea hata moja. Kila mwanamke aliyelelewa kwetu anaifanya kazi ile bila kuifikiria. Mie niliyeitangaza ile mboga soko zima ndo sikuijua.

Daktari alikwenda kuchukua dawa ya homa.

Nilimwinamia nikamuuliza mbona hukunambia.

"Ulikuwa umefurahi," akasema.

Wasiwasi haukuniacha siku hiyo. Siku tatu usiku nilikaa chini karibu na kitanda chake, kila nikimwona kimya natia kidole chini ya pua yake. Siku ya nne homa ikavunjika, akaomba chai. Nilizipitia zile nyumba sita moja moja kusema hakuna mchunga, na kwamba sikuwa nikijua nilichokata. Ya kwanza ilikuwa ngumu. Ya sita walinikaribisha kahawa nikashindwa kuinywa. Macho ya mke wangu yalichukua mwezi kuwa meupe, na mwezi wote ule nilimtazama tumbo kila asubuhi kama lina maji au lina mtoto. Lilikuwa na mtoto. Alizaliwa miezi minne baadaye, mtoto wa kike, analia kwa nguvu mpaka jirani yetu akaja kumtazama na akamshika yeye kabla yangu.

Tajiri wa Barka hakutaka kusikia habari za maua, na simlaumu. Magunia matano ya sukari, lori kwa siku nzima, na hospitali. Nililipa kidogo kidogo, na nilipomaliza binti yangu alikuwa ameshaanza kukaa kitako peke yake. Ilikuwa rupia mia mbili na themanini na saba na nusu.